Siku Moja Maishani Mwangu: Upepo wa Januari Kwenye Boti

Saa kumi na mbili asubuhi. Giza totoro, Januari huku Uingereza jua hutoka karibu saa mbili. Kilichoniamsha ni kamba za tezini, yaani nyuma ya boti, zinalia kila upepo ukisukuma. Naishi kwenye boti nyembamba ya chuma, upana mita 2.1, katika mfereji wa Grand Union karibu na mji wa Berkhamsted. Chini ni bapa, majini imezama kidogo tu, na ubavu mzima uko wazi kupigwa na upepo. Shangazi akipiga simu kutoka Tanga huuliza, "Mwanangu, baridi haijakumaliza?" Baridi ina dawa, shangazi. Upepo ndio mtihani.

Nachokonoa majivu jikoni, naongeza makaa ya mawe yasiyo na moshi, nabonyeza kengele ya kaboni monoksaidi kuijaribu. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na dhoruba huweza kurudisha moshi ndani kupitia bomba. Kisha nafuta madirisha. Ndani joto, chuma baridi: maji yanachuruzika, na ukizembea, kuvu inaota hadi chini ya godoro. Ndiyo maana naacha tundu la hewa wazi hata dhoruba ikivuma. Wageni huniona kichaa.

Saa moja natoka na nyundo. Boti imefungwa kwenye vigingi vilivyopigwa ukingoni, na mvua imeulainisha udongo. Kigingi cha omo, yaani mbele, kinacheza. Napiga kingine kwa kukikingama, naongeza kamba ya mshazari ili boti isiende mbele na nyuma. Baiskeli na magunia ya makaa nayashusha kutoka paani. Jirani, babu mmoja Mwingereza, ananipigia kelele niangalie tawi lililokatika. Tangu mwanzo nilikwepa kuegesha chini ya miti mikubwa.

Saa mbili kamili nawasha injini. Kabla ya hapo ni kuwaudhi majirani, na kuanzia saa mbili usiku vilevile. Msimu huu paneli za sola ni pambo tu. Betri zinategemea injini.

Saa tatu, kazini. Mimi ni mkalimani wa simu: daktari huku, mgonjwa kule, mimi katikati. Mvua ikipiga paa la chuma hakuna anayesikia kitu, kwa hiyo najifunika blanketi gubigubi na kutafsiri maswali ya shinikizo la damu nikiwa gizani.

Saa saba mchana tanki la maji linakaribia kuisha. Bomba la maji liko ng'ambo ya malango mawili ya mfereji, yale ya kupandishia na kushushia boti, lakini sing'oi kigingi. Mwendo wa juu mferejini ni kama kilomita 6 kwa saa, na boti ikienda polepole usukani hauna nguvu. Dhoruba moja tu, umelala ubavu kwa ubavu na boti ya mwenzio. Sisi tusio na gati la kudumu tunatakiwa kuhama kila baada ya siku 14, ila sheria inatupa muda zaidi hali ikilazimisha. Nabeba madumu.

Saa kumi jioni giza linaanza kurudi. Maharage ya nazi yanachemka taratibu juu ya jiko la makaa, gesi napumzisha.

Saa nne usiku nakagua kamba kwa tochi, nafunika moto. Utabiri unasema upepo utatulia kesho adhuhuri. Sina zamu mchana, kwa hiyo nitasogea hadi bombani.