Jioni Babu Aliposimama Kibandani

Mwaka 1998, nikiwa na umri wa miaka 14, nilijulikana katika kota za reli za Tororo kama mtoto aliyekamata kosa la gari la njano. Kibanda cha video tulichokwenda kila Jumamosi kilikuwa nyuma ya soko. Kilijengwa kwa mabati na magunia, na ndani mlikuwa na mabenchi yasiyo na migongo, televisheni moja iliyofungiwa katika sanduku la mbao, na mfasiri ambaye tulimwita VJ, kama wanavyoitwa wenzake kote Uganda. Nje jenereta ilinguruma kiasi cha kumlazimu kuupaza sauti usemi wake wote katika maikrofoni. VJ wa Kampala hutafsiri kwa Kiganda, lakini huyu wetu aliwajua wateja wake, Wajopadhola, Waiteso, Wasamia, Wanubi na madereva wa malori waliokuwa wakisubiri karatasi zao za forodha pale Malaba, kwa hiyo alitafsiri kwa Kiswahili, na mahali ambapo filamu ilinyamaza yeye aliongeza maneno yake.

Gari lenyewe lilikuwa la filamu ya Commando, ya mwaka 1985, ambayo nilikuwa nimeitazama mara nisizoweza kuzihesabu. Porsche ya njano inafukuzwa, inagonga, inapinduka na kulala ubavu. Schwarzenegger anaisukuma hadi inasimama tena juu ya magurudumu yake, anaingia na kuondoka nayo, na ubavu ule uliokuwa umepondeka dakika chache zilizopita unang'aa kama wa gari jipya. Niliposema hivyo kwa sauti, mwenye kibanda aliniwekea dau la soda moja na kuurudisha mkanda nyuma mara tatu mbele ya watu wote. Nilikunywa soda ile nikiwa nimesimama mlangoni, na tangu siku hiyo sisi vijana tulikuwa na kazi mpya: tulihesabu risasi za bunduki isiyojazwa, tulikagua damu iliyohama shavu la kushoto kwenda la kulia, na tulipima kinywaji kilichopanda katika glasi badala ya kushuka. Sikujua bado kwamba vipande vya tukio moja hupigwa kwa siku tofauti, mara nyingine cha mwisho kikitangulia cha kwanza, wala kwamba katika kila kundi la wapiga filamu yuko mtu ambaye kazi yake ni kuandika jinsi kila kola, kila kidonda na kila glasi ilivyokuwa, ili kesho yake virudishwe vilevile. Nilijua tu kwamba mkanda ni shahidi asiyeweza kujitetea, kwa sababu ukiurudisha nyuma unajishtaki wenyewe.

Babu yangu, baba wa mama, hakuwa mtu wa kibandani. Alikuwa mzee wa reli. Aliajiriwa na Reli za Afrika Mashariki na akabaki humo hadi shirika lilipovunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977, kisha akalitumikia shirika la reli la Uganda hadi alipostaafu. Katika miaka ya 1950 na 1960 alikuwa msaidizi wa dereva katika injini kubwa za mvuke za Garratt za kundi la 59, zilizokuwa zikivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Kila moja ya injini hizo ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki, na babu, aliyezaliwa mahali ambapo Elgon huonekana asubuhi kabla ya mawingu kupanda, alipenda kutuambia kwamba yeye ndiye Mjopadhola aliyeupeleka Mlima Elgon hadi baharini. Njia hiyo hupita Tsavo. Aliipita mchana na usiku kwa miaka mingi, na aliwafahamu simba wa kule kwa namna mtu anavyowafahamu mbuzi wa jirani.

Ndiyo maana VJ alipoandika kwa chaki kwenye ubao wake kwamba Jumamosi hiyo ataonyesha kisa cha kweli cha reli ya Uganda na simba walao watu, babu alivaa koti lake la kazini na kunifuata. Filamu ilikuwa The Ghost and the Darkness, iliyotoka mwaka 1996, na VJ alitangaza jina lake kuwa Mzimu na Giza. Mwanzoni kabisa msimulizi anawaambia watazamaji kwamba hata yale yasiyoaminika kabisa katika kisa hiki yalitokea kweli. VJ alilitafsiri neno hilo kwa heshima, na babu akaitikia kwa kichwa, mikono yake ikiwa juu ya mkongojo. Alivumilia nyasi ndefu zilizoyumba mahali ambapo yeye alikumbuka udongo mwekundu na vichaka vya miiba. Alinong'ona mara moja tu, "Hapa si Tsavo," na alikuwa na haki, maana miaka mingi baadaye nilisoma kwamba filamu ilipigwa Afrika Kusini. Lakini simba wa kwanza alipojitokeza waziwazi, dume kubwa lenye manyoya mengi yaliyozunguka shingo na kifua, babu alisimama mbele ya watu wote.

"Simamisha hiyo," alisema. "Hao si simba wa Tsavo. Simba wale hawakuwa na manyoya shingoni."

VJ aliusimamisha mkanda kweli, kwa sababu mzee amesimama, na hapo ndipo mjadala ulipozuka. Mchinja nyama wa sokoni alisema kwamba dume lisilo na manyoya shingoni ni jogoo asiye na upanga, halipo. Dereva mmoja wa lori akauliza Wazungu wenye fedha zote zile wangeshindwaje kupata simba wa kweli. Mwalimu mmoja, ambaye sote tulimheshimu, alisema kwa upole kwamba filamu imetamka yenyewe kuwa ni kisa cha kweli, na kwamba huenda Mzee aliwaona majike. Babu alijibu kwamba anajua kutofautisha dume na jike kwa alama nyingine ambazo hataki kuzitaja mbele ya watoto. Watu wakacheka, mkanda ukaendelea. Alipotokea Mmarekani mwindaji, anayechezwa na Michael Douglas, babu alisema tena, sasa akiwa ameketi, kwamba katika miaka yake yote ya reli hajapata kumsikia mtu huyo, na kwamba Patterson, yule mhandisi wa daraja la reli la Tsavo, aliwaua simba wote wawili peke yake, tena usiku mmoja. Safari hii mtu wa nyuma alimzomea. Babu alichukua mkongojo wake na kutoka nje.

Mimi, niliyesifiwa kwa macho yangu, sikusema neno. Hadi leo hilo linaniuma. Sikunyamaza kwa woga pekee. Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na la kusema: ningeweza kuurudisha mkanda ule mara mia na kila mara ungeonyesha simba yuleyule mwenye manyoya yaleyale, bila kujipinga hata kidogo. Gari la Commando lilikosana na filamu yake yenyewe, na kosa la namna hiyo mtoto yeyote mwenye macho anaweza kulikamata akiwa ameketi bencheni. Simba hawa walikosana na Tsavo, na Tsavo haikuwamo kibandani, ila katika kichwa cha mzee mmoja aliyezomewa.

Jumatatu nilikwenda katika maktaba ndogo ya misheni, ambako padri mzee alituruhusu kusoma bila kuazima. Nilimweleza shida yangu, naye alitafuta kwa muda mrefu hadi akanishushia kitabu cha Patterson mwenyewe, kilichochapishwa mwaka 1907, jalada lake likiwa limeliwa na mende. Ndani mlikuwa na picha ya Patterson kando ya simba wa kwanza aliyekufa. Niliinamia picha ile hadi pua ikakaribia kugusa karatasi. Shingo ya simba ilikuwa tupu kama ya mbwa. Nilimsihi padri, na kwa mara ya kwanza aliniruhusu kukitoa kitabu nje, kwa sharti kwamba nikirudishe kabla ya Ijumaa.

Babu hakuitazama picha kwa muda mrefu. Alisema, "Ndiye," kama mtu anayeonyeshwa picha ya mfanyakazi mwenzake, kisha akanitaka nimsomee kitabu, nikitafsiri kila sentensi. Tulikaa chini ya mwembe jioni tatu. Nilisoma kwamba simba wa kwanza aliuawa tarehe 9 Desemba 1898 na wa pili tarehe 29, siku 20 baadaye, na babu akakunja uso. Nilirudia tarehe hizo taratibu. Alisema waliomsimulia walimwambia ni usiku mmoja, akanyamaza, kisha akasema basi niandike kama kitabu kinavyosema. Nilifurahi kwa jinsi alivyokubali, ingawa niliona ilimgharimu. Nilisoma kwamba ilihitaji watu wanane kumbeba simba wa kwanza hadi kambini. Mwindaji wa Kimarekani hakuwamo katika ukurasa wowote.

Kisha nikafika mahali Patterson anapotaja waliokufa. Aliandika kwamba simba wale waliua vibarua wa Kihindi wasiopungua 28, pamoja na Waafrika makumi kadhaa ambao hakuna kumbukumbu rasmi iliyowekwa.

"Rudia hapo," babu alisema.

Nikarudia. Akaniuliza kama Kiingereza kinasema hivyo kweli au ni mimi nimefupisha. Nikamwonyesha mstari kwa kidole, ingawa hakusoma Kiingereza. Hapo alinieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza: kwamba baba yake alibeba mataruma wakati njia ilipokuwa ikiletwa Tororo katika miaka ya 1920, na kwamba wenzake waliokufa kwa homa walizikwa kando ya tuta, na asubuhi msimamizi aliandika tu ni watu wangapi waliobaki wa kufanya kazi. Hesabu ya Wahindi walioletwa kujenga njia ya kwanza, kutoka Mombasa hadi Kisumu, ipo: walikuwa karibu 32,000, na wapatao 2,500 kati yao walikufa kabla reli haijafika ziwani mwaka 1901. Walihesabiwa kwa sababu walikuwa na mikataba. Babu hakuzijua tarakimu hizo, wala mimi sikuzijua siku ile, lakini alikuwa ameshaifikia hoja yenyewe.

Niseme hapa kile nilichokuja kukisoma nikiwa mtu mzima, kwa kuwa kinahusu ugomvi wetu moja kwa moja. Ngozi za simba wale Patterson alizitandika kama mazulia kwa takriban robo karne, kisha akaziuza kwa dola 5,000 kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago, ambako zilijazwa na kusimamishwa, na ndipo zilipo hadi leo, shingo zao zikiwa tupu. Kukosa manyoya shingoni ni jambo la kawaida kwa madume wa Tsavo, na watafiti hulihusisha na joto na vichaka vya miiba. Kuhusu idadi ya waliouawa, baadaye Patterson alidai kuwa ni 135, lakini mwaka 2009 watafiti waliochunguza mifupa na nywele za simba hao walikadiria kuwa waliliwa watu wapatao 35. Ninaamini vipimo vyao ni vya kweli kwa kile kinachoweza kupimwa. Hata hivyo, kila ninapoisoma tarakimu hiyo, namwona babu akinyoosha mkono na kusema nirudie hapo.

Alhamisi nilikipeleka kitabu kibandani kabla ya kukirudisha misheni. VJ aliitazama picha, akaipeleka kwenye mwanga wa mlango, akamwita mchinja nyama. Mchinja nyama alisema picha ni ya zamani mno na huenda manyoya yamefutika, na hadi nilipoondoka Tororo hakuubadilisha msimamo huo. VJ yeye aliniuliza maswali mengi, akaandika kwa kalamu nyuma ya sanduku la mkanda, halafu akasema filamu ya simba imelipa vizuri na Jumamosi ataionyesha tena, nami nimlete Mzee bila kulipa.

Babu alikataa Ijumaa na kukubali Jumamosi mchana. Alipewa kiti chenye mgongo, kilichotolewa dukani kwa jirani. Msimulizi alipofikia neno lake kwamba kila kitu kilitokea kweli, VJ hakulitafsiri. Aliipunguza sauti ya televisheni na kusema katika maikrofoni, "Mabibi na mabwana, mtakayoyaona mengine ni kweli na mengine si kweli, na Mzee wa reli yupo hapa mbele." Simba alipojitokeza alisema, "Manyoya hayo ni ya kuazima." Michael Douglas alipoingia alisema, "Huyu hakuwapo," na kibanda kizima kikaitikia, "Hakuwapo!" na kila alipozungumza wakamwitikia vivyo hivyo, hata simba wa pili alipomuua, watu wakipiga mabenchi kwa viganja.

Babu hakucheka nao. Alingoja mpaka simba wa pili alipoanguka, akamgusa VJ gotini kwa ncha ya mkongojo na kumwambia jambo ambalo sikulisikia kwa ajili ya jenereta. VJ alisoma nyuma ya sanduku la mkanda, akainua maikrofoni, na sauti yake ya kila siku, ile ya kuuza, ilimwacha.

"Wahindi 28," alisema. "Na watu wetu, ambao hawakuandikwa."

Watu waliokuwa wamesimama kutoka walibaki wamesimama. Mwenye kibanda alikuwa amekwisha kushika kitufe cha kuurudisha mkanda nyuma kwa ajili ya onyesho la usiku, akauondoa mkono wake.