Konda, mtindi na bakteria walio hai

Konda mmoja pale stendi ya Msamvu kila siku ananiuliza: "Mama, maziwa fresh yananijaza gesi hadi naona aibu kwenye gari. Mbona mtindi wako naupiga nusu lita na natulia? Unatia nini?"

Sitii kitu. Kazi wanaifanya bakteria. Wengi wetu tukishakuwa watu wazima, utumbo mdogo unapunguza kimeng'enya cha laktesi kinachovunja laktosi, yaani sukari ya maziwa. Laktosi inateremka nzima hadi utumbo mpana, inachachuka huko, gesi ndiyo hiyo. Bakteria wa mtindi wanaanza kuila sukari hiyo maziwa yakiwa bado kwenye ndoo, na wakifika tumboni wanakuwa na laktesi yao wenyewe, inayomalizia kazi. Mwaka 2010 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilikubali jambo hili, kwa sharti kwamba kila gramu iwe na bakteria hai wasiopungua milioni 100. Madai mengine chungu nzima ya probiotiki, yaani bakteria hai wanaoliwa kwa ajili ya afya, iliyatupa.

Hai, jamani. Ndiyo maana nikishachemsha maziwa nayaacha yapoe mpaka kidole kivumilie, kama nyuzi 43, ndipo nakoroga kijiko cha mtindi wa jana na kufunika ndoo kwa blanketi. Ukitia mbegu hiyo maziwa yakiwa moto, umeiua. Na wewe unayepikia mtindi kwenye mchuzi, utamu utaupata, bakteria sahau.

Wala hawahamii tumboni moja kwa moja. Ni wageni wa kupita; ukiacha kunywa, baada ya muda mfupi wanaisha.

Wengine hunijia wakiwa kwenye dozi ya antibayotiki, tumbo linaendesha. Hapo siwadanganyi ili niuze. Aina iliyopimwa sana kwa kuzuia hali hiyo, hasa kwa watoto, ni Lactobacillus rhamnosus GG, na mbegu yangu ya kurithishana kwa kijiko sina uhakika ina nini. Mwenye kinga dhaifu sana namwambia amuulize daktari kwanza.

Uganda wasindikaji wadogo kama mimi wanatengeneza mtindi kwa bakteria wa aina hiyohiyo ya rhamnosus GG, wanauita Yoba, na mbegu inakuja kwenye vipakiti vya unga. Mwenye kujua pa kuipata hapa Morogoro aniambie, naweka ndoo ya pili.