Gari ya umeme na chumvi ya Tanga: fungua kalipa hata kama pedi ni mpya

Watu wakisikia gari ya umeme swali la kwanza ni betri, itadumu miaka mingapi, inafika Muheza na kurudi? Maswali ya maana kabisa, ila kwa sisi tunaokaa karibu na bahari mi naona breki ndo zinahitaji jicho mapema, hasa kalipa (kile chuma kinachobana pedi za breki kwenye diski), na siku ya kununua hakuna anayekugusia hilo.

Iko hivi. Kwenye gari za umeme, mfano zile Nissan Leaf used za Japani, ukiachia eksileta tu mota inageuka jenereta, mwendo unapungua na umeme unarudi kwenye betri. Pedi zinaguswa kidogo sana, mara nyingi pale gari inapokaribia kusimama. Ndo maana zinakaa miaka. Raha kweli, lakini chuma kilichotulia tu huku Raskazone na upepo wa bahari unapiga usiku kucha, unategemea nini? Diski inashika kutu, pedi zinaganda kwenye bano (fremu inayozishikilia), grisi ya zile pini kalipa inapotelezea inakauka, na raba ya pini ikipasuka kidogo tu unyevu wa chumvi unaingia na pini inang'ang'ania humohumo.

Sasa fundi anachungulia kwenye matundu ya rimu, anaona pedi ya nje nene, anakwambia "kaka hizi bado mpya, wewe tembea tu". Pedi ya nje haitoshi kukupa jibu. Kalipa nyingi pistoni iko upande wa ndani peke yake, inasukuma pedi ya ndani halafu kalipa nzima inateleza kwenye pini ili ivute na ile ya nje. Pini zikikwama pedi ya ndani inabeba kazi yote inaisha, ya nje iko vilevile kama imetoka dukani. Kwa hiyo usipofungua hujakagua.

Kuna dalili lakini. Ukitoka safari weka mkono karibu na kila rimu, usishike, ukisikia moja ina joto kuliko wenzake pale breki inaburuza. Gari kuvuta upande mmoja ukikanyaga, au chaji kuanza kuisha haraka kuliko ulivyozoea kwa njia ileile, hizo pia zichukulie kwa uzito.

Kufungua nyumbani inawezekana, si kazi ya kutisha. Gari iwe sehemu tambarare, tairi zinazobaki chini ziwekee mawe, legeza nati kabla hujanyanyua. Jeki naomba uwe makini sana maana betri imelala chini ya sakafu, weka kwenye sehemu zilizooneshwa kwenye kitabu cha gari tu, halafu weka na stendi, usiingize hata mkono gari ikiwa juu ya jeki peke yake. Zima gari na funguo peleka ndani mbali, kwanza haina muungurumo mtu anaweza kuiwasha usijue, pili kuna gari ambazo breki zake za kompyuta zinajaza presha zenyewe ukifungua mlango tu, na vidole vyako viko kwenye kalipa. Waya za rangi ya chungwa usiguse, na kwa kazi hii huna sababu ya kuzifikia.

Tairi ikitoka, fungua bolti ya chini ya kalipa, inyanyue juu, na kama unaitoa yote ifunge na waya kwenye springi, isining'inie kwenye hose ya oili ya breki. Toa pedi zote mbili ziweke pamoja uone tofauti. Pini zichezeshe kwa mkono, zinatakiwa ziingie na kutoka laini. Yangu moja ya mbele ilikuwa inazunguka kwa shida na nje raba ilionekana nzima kabisa! Safisha kutu kwenye bano kwa brashi ya waya mpaka pedi ziteleze zenyewe, pini zifute, zipake grisi ya silikoni ya breki. Ile grisi ya kawaida ya bearing hapana, inavimbisha raba na utarudi palepale. Raba ya vumbi ya pistoni iangalie imepasuka wapi, ukiona unyevu wa oili ya breki pale hiyo ni ya kumpa fundi aifungue yote.

Kurudisha pistoni, legeza kifuniko cha oili ya breki kwanza halafu sukuma taratibu kwa klempu. Hiyo ni ya mbele. Nyuma kama hendibreki imo ndani ya kalipa pistoni nyingi zinazungushwa, ukilazimisha kwa klempu unaharibu, na zile za hendibreki ya mota nyingi zinataka mashine ya kompyuta ya fundi kwanza.

Kwa nini nakazania hivi wakati breki hazitumiki? Fikiria umelala Lushoto, umechaji mpaka 100%, asubuhi unashuka Mombo na zile kona. Betri imejaa, umeme wa kurudi hauna pa kwenda, mota inashindwa kukushikilia kama kawaida, na kazi yote inaangukia pedi na diski. Hapo pini iliyokwama ni hatari ya kweli, na familia imo ndani.

Ukimaliza kufunga, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu kabla gari haijasogea hata futi moja. Na kati ya ukaguzi mmoja na mwingine, tafuta barabara iliyonyooka isiyo na watu, mwendo wa wastani, weka N (gia huru) halafu shika breki kwa nguvu kiasi, rudia mara kadhaa. Kwenye N mota hairudishi umeme, pedi ndo zinafanya kazi na zinakwangua ile kutu ya diski. Mvua za masika zikianza mi nafanya kila wiki.