Leveli katikati, fimbo wima

Kwenye kupima vimo, makosa mengi huanzia kwenye hatua za miguu za kupimia umbali. Leveli, yaani darubini ya kuonea mstari mlalo, isimame katikati ya fimbo ya nyuma na ya mbele, zile fimbo zenye alama za vipimo: mita 40 huku, mita 40 kule. Mstari wa kuonea ukiwa umeinama kidogo, kosa huwa sawa pande zote mbili, nawe ukitoa somo la mbele (namba unayoisoma kwenye fimbo ya mbele) kwenye somo la nyuma, kosa linajifuta lenyewe. Weka 20 kwa 60, kosa linabaki.

Kabla ya kazi kagua chombo. Pigilia vigingi viwili umbali wa mita 60, pima tofauti ya kimo ukiwa katikati, kisha hamia karibu na kigingi kimoja upime tena. Tofauti zisipolingana, leveli inahitaji kurekebishwa.

Fimbo nayo! Ikiinama sentimita 10 kwenye somo la mita 3, somo linazidi kwa karibu milimita 2, kwa hiyo mshikaji asiondoe macho kwenye kiputo cha hewa kinachoonyesha kama fimbo iko wima. Pa kugeuzia, yaani pale fimbo inapobaki wakati leveli inahamishwa, weka bamba la chuma na ulikanyage likae imara. Fimbo ikididimia kwenye udongo laini baada ya somo la mbele, kabla ya la nyuma, hesabu za jioni hazifungi, yaani kimo cha mwisho hakilingani na kinachotakiwa.