Hii 0.0.0 imetoka wapi?

Jana usiku mwenzangu wa Ujiji kanitumia faili WhatsApp na swali: "Kaka, hii 0.0.0 imetoka wapi?" Kwenye pyproject.toml, faili la maelezo ya mradi wetu wa Python, tumeandika toleo 0.4.2. Faili alilotuma, yaani kifurushi cha kusakinisha programu, linaitwa UNKNOWN-0.0.0-py3-none-any.whl. Hata jina la mradi halimo.

Programu yetu ni ndogo, inamtunzia hesabu mama anayenunua dagaa mwaloni Kibirizi. Yeye huuliza jambo moja tu: "Hii ndiyo mpya?" Namba ndiyo jibu letu kwake.

Nikapiga unzip -l kuona kilichomo. Ndani kuna METADATA, WHEEL, RECORD na top_level.txt, basi. Msimbo wetu haumo hata mstari mmoja. Nikaachana na namba, nikamuuliza umejengaje?

Akajibu: pip wheel . --no-build-isolation. Sababu: bando. Kwa kawaida pip, kisakinishi cha Python, huandaa mazingira ya pembeni na kupakulia humo setuptools mpya, zana inayojenga kifurushi. Akaizuia, ikatumika ile iliyokuja na Ubuntu 22.04 yake, yaani 59.6.0. Sasa, setuptools ilianza kusoma jedwali la [project], ile sehemu ya pyproject.toml yenye jina na toleo, kuanzia 61.0.0, Machi 2022. Hiyo ya zamani inalipita kama halipo, inakosa jina na toleo, inajijazia UNKNOWN na 0.0.0. Uwezo wa setuptools kutafuta msimbo yenyewe bila kuelekezwa nao ulikuja na hiyo hiyo 61, ndiyo maana msimbo wetu haukuwemo.

Mwenzangu simlaumu, mwisho wa mwezi nani habani bando? Kinachoniudhi ni kwamba kazi iliisha kwa ujumbe wa kufaulu. Karani wa bandarini akikuta mzigo hauna jina, hauandiki "sifuri" akaupakia melini.

Amepakua setuptools mpya na build (zana ya kuendeshea ujenzi), zimekaa kwenye venv yake, mazingira ya Python yaliyotengwa, bando halitaguswa tena. Kwenye [build-system], sehemu ya pyproject.toml inayotaja zana za kujengea, nimeongeza setuptools>=61. Hilo peke yake halikutosha, maana pip ukiipa ile --no-build-isolation haikagui sharti hilo mpaka uiombe. Kwa hiyo tunajenga kwa python -m build --no-isolation: hii inakagua, na kikipungua kitu inagoma. Tukafuta folda za build, dist na egg-info, tukajenga upya. 0.4.2, na msimbo wote umo.

Imebaki __version__ ndani ya __init__.py, inayosema 0.4.1 bila aibu. Naiondoa leo, programu isome toleo kwa importlib.metadata, yaani kutoka kwenye maelezo ya kifurushi kilichosakinishwa. Kuandika namba moja sehemu mbili nimechoka.