Siku ya Kuchukua Fomu

Binti wa kaka yangu yuko kidato cha nne, na wenzake wote sasa wanazungumzia tahasusi, yaani kombi ya masomo ya kidato cha tano na sita. Juzi kanipigia simu. "Shangazi, shikamoo. Hivi kuna chuo mtu anaweza kusoma baiolojia na maigizo pamoja?" Ameona kwenye intaneti kwamba Marekani vyuo vingi vinamruhusu mwanafunzi kuchukua fani kuu mbili, hata kama moja ni ya maabara na nyingine ya jukwaani. Nikamwambia nitampigia baadaye. Sijampigia, maana swali lile lilinirudisha mwaka 2005.

Wakati wetu kombi ndiyo iliyokuwa inakata maneno. Ukishaingia PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, tamthiliya umewaachia watu wa HKL, wa historia, Kiswahili na Kiingereza. Angalau mwaka 2024 tahasusi zimeongezwa zikafika 65 na sanaa ikapewa kundi lake. Mimi maigizo niliyapata kwenye klabu ya shule, jioni, nikiwa bado na chaki ya fizikia kwenye sketi.

Nyumbani kila mtu alikuwa na chuo chake. Baba alitaka Muhimbili, chuo cha udaktari, ambacho wakati ule kilikuwa bado chuo kishiriki cha Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mama mdogo alisema kama kweli naipenda sanaa niende Bagamoyo, kwenye chuo kilichoanzishwa 1981 kwa kazi hiyohiyo, niache kuzungukazunguka. Mimi nilitaka vyote, na sikujua hata pa kuulizia.

Nikapanda daladala kwenda Mlimani kuchukua fomu. Foleni, jua la saa sita, tumbili wakipekua mapipa ya taka. Nilipoipata, badala ya kurudi kituoni nikaulizia njia ya kwenda idara ya sanaa za maonyesho, ile iliyomlea Ebrahim Hussein, mwandishi wa tamthiliya.

Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi. Ndani wanafunzi wako peku, wanatengeneza igizo la kupeleka vijijini kuhusu ugonjwa wa moyo. Walikuwa wameujenga moyo kwa miili yao: vijana wanne ndio vyumba, wengine ndio damu, na mmoja anapiga ngoma pembeni. Ndu, ndu, ndu, ndu, sawasawa kama saa ya ukutani.

"Binti, umepotea?" Mwalimu alikuwa mtu mzima, shati limelowa mgongoni.

"Shikamoo, mwalimu. Hapana. Naangalia tu."

"Marahaba. Unasoma nini?"

"Nimemaliza fomu siksi. PCB."

"Ah! Basi vua viatu uingie. Moyo wetu uko sawa?"

Nikasema hauko sawa. Sijui ujasiri ule niliutoa wapi. Nikamwendea mpiga ngoma nikamweleza kwamba sauti ya moyo inatoka kwenye vali, vile vilango vya damu, zinapofunga. Kwanza zinafunga zilizo kati ya vyumba vya juu na vya chini, halafu zile za kwenye mishipa mikubwa. Kisha moyo unalegea ujae tena, na kimya hicho ni kirefu kuliko kile kilicho kati ya sauti mbili. Kwa mtu aliyetulia, zaidi ya nusu ya pigo zima moyo unapumzika. Akajaribu. Ndu-ta. Ndu-ta. Wote tukageuka kumtazama, maana ukumbi mzima ulisikika kama kifua cha mtu.

Baada ya hapo waliniuliza kila kitu. Chumba cha chini cha kulia kinasukuma damu mpaka kwenye mapafu tu, jirani hapo. Cha kushoto kinaisukuma mpaka vidole vya miguu, ndiyo maana ukuta wake ni mnene. Mwalimu akaweka mabaunsa wawili upande wa kushoto. Damu inayorudi nikasema si ya buluu kama ilivyochorwa vitabuni, ni nyekundu iliyokolea. Mmoja wa waliokuwa damu akaletewa kanga ya rangi ya damu ya mzee, akawa anaiacha kwa mabinti wawili waliokuwa mapafu na kutoka na kanga nyekundu.

Wakanisimamisha niwe vali. Mimi na msichana nisiyemjua tuligusanisha viganja, watu wakapita katikati yetu, kisha wakataka kurudi. Presha yao yenyewe ndiyo iliyotubana tukafunga. Nilikuwa nimeuchora moyo tangu shuleni na kuandika kwamba vali hufungwa na damu inayotaka kurudi nyuma. Maksi nilipata. Kuamini niliamini pale, mikono ikitetemeka. Mwalimu akamnong'oneza mwenzangu aachie kidogo. Watu wakaanza kuvuja nyuma, wale mabaunsa wakawa wanawasukuma walewale mara ya pili, ya tatu, jasho linawatoka. Hivyo ndivyo moyo wenye vali inayovuja unavyochoka, na hakuna aliyehitaji kutuambia.

Nikamuuliza mwalimu kama naweza kusoma hivi pamoja na baiolojia. Akaniambia kwenye karatasi haiwezekani. "Lakini mazoezi ni saa kumi na moja jioni. Ukija, utatukuta."

Niliingia sayansi Mlimani na jioni nikawa nakwenda. Pale walimu kama Amandina Lihamba na Penina Mlama walishajenga tangu zamani desturi ya kwenda na sanaa vijijini, watu waigize matatizo yao wenyewe. Mimi nilinufaika nayo bila jina langu kuwa kwenye daftari lolote la idara. Mpaka leo natengeneza maigizo ya afya, na kuna ofisi wananidai cheti cha sanaa ambacho sina. Kuna siku naona nilichagua vizuri. Kuna siku nawaza Bagamoyo wangenifundisha kuigiza kwelikweli. Sijapata jibu.

Usiku ule Baba alivaa miwani, akaisoma fomu mstari kwa mstari. Nikamwambia chaguo la kwanza naweka Mlimani, sayansi, kwa sababu ya ukumbi ule.

"Ukumbi huo utakupa digrii?"

"Hapana, Baba."

"Kazi je?"

"Sijui."

Akanyamaza, akapangusa miwani kwa msuli. "Muhimbili iandike ya pili," akasema, akanipa kalamu.