Somo kwenye memori kadi

Mwaka 2016 nilikuwa mkufunzi wa kemia katika chuo kimoja cha ualimu huko bara. Wanachuo 46, bureti nne (mirija ya kioo yenye koki ya kupimia kimiminika), na mojawapo inavuja. Kipindi cha dakika 80 kiliishia ubaoni. Titresheni, yaani kudondosha asidi kwenye besi hadi zitoshane, walifanya waliowahi mbele, wengine wakanakili majibu yao.

Nikasoma habari za Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walimu wa kemia wa Colorado, Marekani, walioanza mwaka 2007 kurekodi masomo. Wanafunzi wao walitazama nyumbani, darasani ikabaki kazi. Dawa yangu hiyo! Nikafunga simu kwenye kiti kwa mpira wa baiskeli, nikaufundisha ukuta dakika 20, nikatuma video kwenye kundi la WhatsApp.

Jumatatu nikauliza nani ameitazama. Kimya. Mmoja wa nyuma akasimama: "Mwalimu, bando la mia tano limekata hata salamu hujamaliza." Darasa zima likaangua kicheko. Nilicheka nao, ingawa niliona haya. Salamu zenyewe zilikuwa ndefu kweli.

Nikarekodi upya, sauti tu, dakika tisa, nikaipeleka kwa kijana wa kibanda cha kuingiza nyimbo na muvi karibu na geti. Akakubali kutoza bei ya wimbo mmoja. Wanachuo wakapanga foleni na memori kadi zao. Asiye na simu akasikiliza kwa mwenzake bwenini.

Alhamisi sikushika chaki. Makundi yalipokezana bureti tatu nzima, wanaosubiri wakikokotoa. Kwenye meza ya dirishani binti mmoja alikuwa ameinama, jicho sawa na usawa wa asidi iliyobonyea kidogo katikati ya bureti, mwenzake akitikisa flaski. MO (methyl orange), dawa inayogeuka rangi ya chungwa asidi ikitosha, ilikuwa bado njano. Tone. Tone. "Funga!" Kachelewa: nyekundu tupu. Zamani hapo ndipo kengele ingelia. Safari hii wakamwaga, wakasuuza, wakaanza upya, na mara ya tatu ikatulia kwenye rangi ya chungwa. Wakaanza kubishana juu ya sehemu moja ya kumi ya mililita, nami nikajipitia zangu kimyakimya.

Jioni kijana wa kibanda akanisimamisha. Alikuwa akiijaribu kila kadi kabla ya kuikabidhi, somo limemkaa kichwani.

"Mwalimu, unaposema tusome chini ya bonde la maji, kwani maji yana bonde?"

Nikamwambia apite kesho saa kumi. Ile bureti inayovuja haikuwa na mtu.